Wageni wa Saa Moja: Wasomaji Wetu wa Habari (Sehemu ya Tatu)

Tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani. UNESCO ndiyo iliyoitenga siku hiyo mwezi Novemba 2021, na tangu hapo nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zimekuwa zikipokezana sherehe: mwaka 2024 tulizipokea hapa Mombasa, mwaka 2025 zikaenda Kigali. Huwa na hotuba, ngoma na mashairi. Jioni yake vituo vyetu vya runinga hutuonyesha hotuba hizo, kisha ifikapo saa tatu usiku hutusomea taarifa kubwa ya habari kwa Kiingereza. Hapo ndipo nilipo na neno, nami nitalifikia nikijaliwa, maana mada hii ina vichochoro vingi na mimi ni mpenzi wa vichochoro.

Redio tulimalizana nayo katika sehemu mbili zilizotangulia, tangu BBC ilipoanza matangazo yake ya Kiswahili tarehe 27 Juni 1939 hadi Sauti ya Kenya ya miaka ya sitini. Aliyekosa ayatafute magazeti ya majuma mawili yaliyopita kabla hayajafungiwa mahamri. Leo ni zamu ya wale tunaowaona kutoka kifuani kwenda juu, tusijue hata siku moja kama huko chini ya meza wamevaa viatu au kandambili.

Niseme tu kwa haraka kwamba runinga ilianza Nairobi mwaka 1962, na huku Mombasa kituo chetu kikafuata mwaka 1970. Zanzibar ilikuwa na runinga ya rangi mapema katika miaka ya sabini, wakati Tanzania Bara haikuwa nayo hata ya rangi mbili. Bara walingoja mpaka 1994, serikali ikiiona muda wote huo kuwa ni anasa. Wazanzibari hawajaacha kuwakumbusha wenzao jambo hilo, na sidhani kama wataacha karibuni.

Mtu akikusomea habari kila jioni kwa miaka kumi, hawi mgeni tena. Unamjua akiwa na mafua. Unamjua siku aliyobadilisha fundi wa nguo. Akikosekana siku mbili mfululizo, mtu anauliza kwenye baraza kama yupo anayejua aliko, na daima hupatikana anayejua, au anayejifanya anajua. Huku kwetu saa moja ya jioni huangukia baina ya Magharibi na Isha. Chai ya tangawizi iko mezani, na ugomvi wa kwanza wa jioni ni wa rimoti: huyu anataka Nipashe ya Citizen, yule KTN Leo, kijana anadai NTV, na mzee wa nyumba hataki kusikia kingine ila Darubini ya KBC, kwa kuwa huko ndiko alikozoea kumsikia marehemu Badi Muhsin.

Badi alikuwa na sauti ya mtu asiyekimbizwa na lolote. Iwe ni mafuriko au kuapishwa kwa mawaziri, yote aliyasoma kwa utulivu uleule, ukaamini kwamba dunia bado ina mwenyewe. Swaleh Mdoe naye alikuwa na hazina yake. Haikupita jioni asitupie neno lililowapeleka watoto kwenye kamusi na wazee kwenye kumbukumbu zao, na uso wake ukabaki mkavu kana kwamba hakusema kitu. Mashirima Kapombe, tuliyemjua KTN kabla hajahamia Citizen, hutamka kila silabi mpaka mwisho. Hajali kama mkurugenzi wa matangazo anamhesabia sekunde sikioni. Na wakati Kanze Dena na Lulu Hassan walipokuwa wakiketi meza moja, nawajua wanaume wa makamo ambao hawakuwahi kujali bajeti ya taifa mpaka iliposomwa na hao wawili.

Kisha ukaja mwaka 2018, Lulu Hassan na mumewe Rashid Abdalla wakaanza kusoma habari pamoja, mke na mume wa kwanza kufanya hivyo kwenye runinga ya Kenya. Tangu siku hiyo mitaa yetu yote imekuwa mabaraza ya usuluhishi. Bwana akimkatiza Bibi kidogo, tunaambiana kuwa nyumbani kuna jambo. Bibi akitabasamu bila sababu, tunaambiana kuwa limekwisha. Habari yenyewe huenda ilikuwa ya bei ya mahindi. Hao hao wakaingia pia katika utengenezaji wa tamthilia, na Maria ya mwaka 2019 ikawafanya hata wasiopenda habari waijue nyumba hiyo. Sina kinyongo nao, ila ningependa siku moja waturuhusu tusikilize bei ya mahindi.

Hawa wote, wakubali wasikubali, wamepita katika njia iliyofyekwa na mtu mmoja, na mtu huyo tumempoteza. Mtangazaji Leonard Mambo Mbotela alifariki tarehe 7 Februari 2025. Wengi walimwandikia tanzia nzuri. Nilichokikosa katika nyingi ya tanzia hizo ni Freretown.

Mbotela alizaliwa mwaka 1940, na watu wake ni wa Freretown, ng'ambo ya kisiwa chetu, upande wa Kisauni. Mji huo ulianzishwa na wamishonari wa Kianglikana wa CMS mwaka 1875 uwe makao ya watumwa waliokombolewa, ukapewa jina la Sir Bartle Frere, yule mjumbe wa Uingereza aliyetumwa Zanzibar kuhusu biashara ya watumwa miaka miwili kabla yake. Anayepanda matatu ya kwenda Kisauni hupita Kengeleni bila kufikiri. Kengele iliyolipa eneo hilo jina lake ingali pale penye njia panda, na wazee husimulia kwamba ilikuwa ikigongwa kuwaonya watu wakati majahazi ya wateka-watumwa yalipoonekana. Wenye matatu husimamisha magari yao hatua chache kutoka hapo na kuita abiria. Natamani angalau mmoja wao awaelekeze watalii kule juu badala ya kuwaelekeza wote Fort Jesus.

Baba yake Leonard, James Mbotela, ndiye mwandishi wa Uhuru wa Watumwa, kitabu kilichotoka mwaka 1934 na kusomwa shuleni na vizazi kadhaa vya watoto wa Afrika Mashariki. Siku hizi wahakiki humlaumu kwamba alimsifu Mwingereza kupita kiasi. Huenda wana haki. Lakini fikiria aliyemzaa mwandishi huyo: mtu aliyetekwa akiwa mdogo, akatolewa kwao, akakombolewa na kutiwa katika mji wa wageni watupu. Freretown ilikuwa na watu wa asili za pande za Nyasa, za Uyao na kwingineko, na wengine waliopitia India kwanza wakafundishwa huko. Hawakuwa na kabila moja wala mila moja. Walichokuta kinawaunganisha kila siku sokoni, shambani na kisimani kilikuwa Kiswahili. Katika kizazi cha pili wakatoa mwandishi wa vitabu. Katika kizazi cha tatu wakatoa sauti iliyojulikana kuliko zote nchini Kenya. Yule anayedhani Kiswahili kizuri huzaliwa na mtu, hakijifunzwi, na aende Kengeleni asome kibao.

Mwana huyo wa Freretown ndiye aliyetolewa nyumbani kwake alfajiri ya Jumapili, 1 Agosti 1982, na wanajeshi wa anga waliotaka kuipindua serikali ya Rais Moi. Wakampeleka studio za Sauti ya Kenya akasome tangazo lao. Walikuwa na bunduki na walikuwa na kituo cha redio. Walijua hayo hayawatoshi. Walimtaka mtu ambaye nchi ikimsikia itaamini. Saa chache baadaye majeshi yaliyobaki na utii yalipokikomboa kituo, yalihitaji mtu huyohuyo awaambie wananchi kwamba serikali iko palepale. Sijui kipimo kikubwa zaidi cha uzito wa msomaji wa habari kuliko asubuhi ile.

Na huyu mtu aliyeshikiwa bunduki, kazi aliyoipenda zaidi ilikuwa kutufundisha adabu. Je, Huu ni Ungwana? ilianza mwaka 1966 na kwenda zaidi ya nusu karne. Alikuwa akilitaja tendo la mtu, akilipambapamba mpaka umwone mtendaji mbele yako, kisha akauliza swali lake na kukuachia aibu yako. Hakutukana. Hakutaja jina. Laiti kungekuwa na kipindi cha namna hiyo kwa ajili ya wasomaji wa habari wa leo! Kwa sababu, tukisema ukweli, yapo mambo. Mtu anasoma habari ya basi lililoua abiria, na hajavuta pumzi anamgeukia mwenzake wa michezo kwa kicheko na utani juu ya Arsenal. Waliofiwa nao wana runinga. Kuna na hili la kupaza sauti kila mstari kama mnadi wa soko la Kongowea, hata habari ni ya kufunguliwa kwa choo cha shule. Ukipigia kelele kila jambo, litakapokuja la kupigiwa kelele utafanya nini?

Ikulu, kwa upande wake, zimekuwa na sikio zuri. Mwaka 2018 Kanze Dena aliondoka Citizen kwenda Ikulu ya Nairobi. Mwaka 2022 Zuhura Yunus, mwanamke wa kwanza kuongoza Dira ya Dunia ya BBC kwenye runinga, akaenda kusimamia mawasiliano ya Rais Samia. Mwaka uo huo mtangazaji Hussein Mohamed akawa msemaji wa Rais Ruto. Charles Hilary, ambaye wapenzi wa mpira hawajapata mwingine wa kumtangazia bao kama yeye, alikuwa akiitumikia Ikulu ya Zanzibar alipofariki mwezi Mei 2025. Siwalaumu. Mishahara ni mishahara. Ila sisi wapenzi tunaobaki vitini tunaona ubaridi kidogo: sauti uliyoiamini kwa sababu haikuwa ya mtu, leo ina mwenyewe.

Kichochoro kimekwisha, narudi barabarani.

Anayeitazama runinga ya Kenya kwa makini ataona kwamba taarifa ya Kiswahili na ya Kiingereza hulelewa na mama mmoja. Mara nyingi mwandishi ni yuleyule, picha ni zilezile. Ameziandikia maneno mara mbili, na mara nyingi Kiingereza kilitangulia. Hata wanasiasa wameuzoea utaratibu huo. Mheshimiwa akiita waandishi, atasoma kauli yake kwa Kiingereza, kurasa tatu, kwa mpangilio. Kisha wanahabari wataomba: "Mheshimiwa, na kwa Kiswahili tafadhali." Hapo atakohoa, aipige kauli nzima kwa sentensi mbili, na kipande hicho ndicho kinachofika kwetu saa moja. Hoja na takwimu zake zinangoja saa tatu.

Saa yenyewe ndiyo shina la malalamiko yangu. Huko Tanzania, TBC na ITV husoma taarifa yao kuu saa mbili usiku, kwa Kiswahili, na nchi nzima hutulia. Sisi tumekigawia Kiswahili saa moja, Kiingereza tukakipa saa tatu, saa ya heshima, ambapo mahojiano marefu huwekwa na wachambuzi hualikwa. Hoja inayotolewa ni matangazo ya biashara: eti mwenye pesa hutazama saa tatu. Sawa, lakini tazama nani yuko wapi saa moja. Mlinzi ndiyo kwanza anapokea zamu. Mama mboga bado anauza sukuma wiki. Msusi ana kichwa nusu mikononi. Nairobi, nusu ya mji wamekwama ndani ya matatu kwenye barabara ya Thika. Yaani taarifa iliyotengenezwa kwa ajili yao husomwa wakati hawajafika nyumbani, na wanapofika, wakavua viatu wakaketi, wanasomewa ile nyingine. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa, kisha kikakifanya pamoja na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Hakisemi moja ni ya jioni na nyingine ni ya usiku.

Wala tusiambiwe kwamba wasomaji hawapo. Nimewataja hapo juu kwa majina, na nyuma yao wako vijana wengi wa Pwani na wa bara, wengine Kiswahili chao ni cha darasani na kinatushinda sisi tuliozaliwa nacho.

Basi ombi langu kwa wahariri wa Nipashe, KTN Leo, NTV na Darubini ni dogo. Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe 7 Julai, badilishaneni saa. Kiingereza kisomwe saa moja; saa tatu mtupe Kiswahili, pamoja na wachambuzi wake, na mheshimiwa aliyealikwa asiruhusiwe kukimbilia lugha nyingine anapobanwa. Ni usiku mmoja. Nanyi wasomaji wa safu hii mkiliona jambo hili lina maana, waandikieni wahariri hao kabla ya juma hilo, kwa sababu ratiba za juma hupangwa mapema.