Kuhamia Linux: Miongozo ya Mtandaoni na Utaratibu wa Kuitumia

Mfumo endeshi ni programu kuu inayosimamia kumbukumbu, diski na vifaa vyote vya kompyuta, na huitwa wa chanzo huria pale ambapo msimbo wake, yaani maagizo yaliyoandikwa na watunzi wake, uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuurekebisha na kuusambaza. Linux, ambayo kiini chake kilitolewa mwaka 1991 na Linus Torvalds alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, ndiyo mfano unaofahamika zaidi. Haja ya kuihamia imeongezeka tangu Microsoft ilipositisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kwa kuwa kompyuta nyingi za zamani ambazo bado ni nzima hazitimizi masharti ya Windows 11.

Jambo la kwanza ni kuchagua distro, yaani kiini cha Linux kilichofungashwa pamoja na programu za matumizi ya kila siku. Tovuti ya DistroWatch, iliyoanza mwaka 2001, hueleza mamia ya distro, ingawa orodha yake ya umaarufu huhesabu wanaofungua kurasa za tovuti hiyo wala si watumiaji halisi. Kwa anayeanza, kigezo bora kuliko umaarufu ni ubora wa mwongozo rasmi, na kwa kigezo hicho Ubuntu, iliyotoka mwaka 2004, na Linux Mint, iliyofuata mwaka 2006, zinastahili kutangulizwa.

Mwongozo wa usakinishaji wa Linux Mint unaonyesha jinsi maelezo mazuri yanavyopangwa. Humwelekeza msomaji kupakua faili la ISO, ambalo ni nakala ya mfumo mzima ndani ya faili moja. Kisha humtaka alihakiki kwa kulinganisha alama yake ya utambulisho na ile iliyotangazwa na watunzi, ili ajue kwamba halikuharibika wala kuchezewa njiani. Halafu humfundisha kuliandika kwenye flashi na kuiwasha kompyuta kutoka hapo. Mfumo ukiwashwa hivyo huendeshwa bila kugusa diski, na huo ndio wakati wa kupima intaneti, sauti na printa kabla ya uamuzi wowote. Kunakili nyaraka na picha kwenye diski nyingine lazima kutangulie usakinishaji, kwa sababu chaguo la kufuta diski, likishathibitishwa, huondoa kila kilichokuwamo.

Baada ya kusakinisha huja elimu ya terminali, dirisha ambamo mtumiaji huandika amri badala ya kubofya. Kitabu cha William Shotts, The Linux Command Line, hupatikana bure mtandaoni na huanza na amri nyepesi kabisa, ilhali tovuti ya ArchWiki, japo imeandikwa kwa watumiaji wa distro ya Arch Linux, hufafanua sababu za mambo kwa undani unaowafaa hata watumiaji wa distro nyingine. Tahadhari kubwa ni kwamba amri inayoanza na neno sudo hupewa mamlaka ya msimamizi wa kompyuta, hivyo haifai kunakiliwa kutoka ukurasa wowote kabla ya kuelewa kazi yake na kuhakikisha kwamba ukurasa huo unahusu toleo linalotumika.

Sehemu kubwa ya maarifa haya bado iko kwa Kiingereza, na hilo ni pengo linaloweza kuzibwa. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, na leseni ya ArchWiki inamruhusu yeyote kuitafsiri bila kuomba ridhaa. Uhuru wa Linux utawafikia wasemaji wa Kiswahili kikamilifu pale wanaojifunza leo watakapoitumia ruhusa hiyo kuwaandikia wanaokuja nyuma yao.