Bahari ya Kilwa ni Wavu: Namna ya Kuhesabu Nyuzi za Uhai

Siku za bamvua, maji ya bahari yanapokupwa sana, sehemu za mwamba unaozunguka kisiwa cha Songo Songo, wilayani Kilwa, hubaki wazi kwa saa chache. Wanawake na vijana huteremka kwa miguu, kila mmoja na fimbo yake yenye ncha, wakichungulia mashimo ya matumbawe kutafuta pweza. Wanaume huendelea mbele zaidi na kupiga mbizi kwenye maji ya kina. Pweza anayepatikana huwa kitoweo nyumbani, au huuzwa kwa wachuuzi, na wengine husafirishwa hadi nchi za ng'ambo.

Tukiuliza, "Pweza huyu ametoka wapi?", jibu jepesi ni kwamba ametoka shimoni. Mwanasayansi haridhiki na jibu hilo. Pweza hula kaa na wanyama wadogo wenye makombe. Yeye naye huliwa na mkunga na chewa. Shimo analojificha limejengwa na matumbawe. Matumbawe hayastawi iwapo mwani utayafunika, na mwani hupunguzwa na samaki walao mimea, kama vile pono na tasi. Tasi wengi wachanga hukulia katika majani ya bahari yaliyo karibu na pwani, na majani hayo huhitaji maji maangavu, ambayo hutegemea mikoko inayozuia tope la mito. Kwa hiyo mtu anayemvuta pweza mmoja shimoni huwa anavuta nyuzi nyingi asizoziona.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi wataalamu wa ikolojia wanavyozichora na kuzihesabu nyuzi hizo, na jinsi hesabu hiyo inavyosaidia kujibu swali kubwa: ni mazingira ya namna gani yanayoweza kuendelea kutulisha bila ya kuvunjika?

Kutoka mnyororo hadi wavu

Mwanafunzi wa sekondari hufundishwa kwanza mnyororo wa chakula: mmea huliwa na mnyama, naye huliwa na mnyama mwingine. Mwaka 1942 Raymond Lindeman, kijana wa Kimarekani aliyechunguza ziwa dogo, alionyesha kwamba mnyororo huo unaweza kupimwa kwa nishati. Katika kila hatua sehemu kubwa ya nishati hupotea kwa joto, kupumua na takataka. Kwa makadirio ya jumla, kiasi cha sehemu moja tu ya kumi ndiyo hufika hatua inayofuata. Yaani kilo 1,000 za mwani hutoa takriban kilo 100 za walao mimea, kilo 10 za wala nyama wadogo, na kilo moja tu ya samaki mkubwa kama chewa. Ndiyo sababu chewa ni wachache, na ndiyo sababu huwa miongoni mwa wa kwanza kuadimika uvuvi unapozidi.

Hata hivyo, baharini hakuna minyororo iliyonyooka. Chewa hula samaki wa aina nyingi, kaa na pweza. Kaa hula vilivyo hai na vilivyokufa. Minyororo hukutana, huachana na kukutana tena, hata ikawa wavu. Mvuvi wa Kivinje hahitaji kufundishwa wavu ni nini. Wavu una mafundo na una nyuzi. Katika wavu wa uhai, kila aina ya kiumbe ni fundo, na kila njia ya chakula kutoka kiumbe mmoja hadi mwingine ni uzi. Mwaka 1984 mtaalamu Jeffrey Polovina alichapisha njia ya kuandika mizania ya wavu kama huo, kwa kutumia mwamba mmoja wa Hawaii. Kila fundo lilihesabiwa kinachoingia na kinachotoka, kama mfanyabiashara anavyofunga daftari lake jioni. Njia hiyo imeendelezwa na sasa hutumika katika bahari nyingi duniani.

Nyuzi nyingine haziwezi kuonekana kwa macho. Kwa mfano, je, samaki wa mwambani kweli walikulia mikokoni? Katika utafiti wa pwani ya Tanzania uliochapishwa mwaka 2013, watafiti walichunguza vijiwe vidogo vilivyomo masikioni mwa samaki. Vijiwe hivyo hukua tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka huhifadhi alama ya kikemia ya maji ambamo samaki aliishi. Kwa njia hiyo samaki aliyevuliwa mwambani huweza "kueleza" utoto wake. Ilidhihirika kwamba baadhi yao walikuwa wamepitia makulio ya pwani kabla ya kuhamia mwambani. Kwa hiyo anayekata mikoko leo anaweza kupunguza samaki wa mwamba ulio mbali na shoka lake.

Fundo moja likikatika

Je, mafundo yote yana uzito mmoja? Robert Paine alijibu swali hili katika miaka ya 1960 kwenye pwani ya mawe ya jimbo la Washington, Marekani. Aliondoa aina moja ya kiti cha pwani, ambaye hula kome na wenziwe, akamzuia asirudi. Viumbe wakubwa waliokuwa wakiishi hapo walipungua kutoka aina 15 hadi 8, kwa kuwa kome, wasio na adui, walienea na kuwanyang'anya wengine nafasi. Fundo lile lilikuwa kama jiwe la ufunguo katika tao la mlango: dogo, lakini ndilo linaloshika mengine.

Mfano wa jirani zaidi unatoka Kenya. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilianzishwa mwaka 1968. Katika miaka ya 1980 Tim McClanahan na Nyawira Muthiga walilinganisha miamba ya hifadhi na ile iliyovuliwa sana. Katika miamba iliyovuliwa walikuta wingi mkubwa wa wale wanyama wa duara waliojaa miiba, ambao kila pwani ina jina lake kwao. Hapa tuwaite wanyama-miiba. Mnyama-miiba hukwangua mwamba ili ale mwani, na wakiwa wengi huula mwamba wenyewe haraka kuliko matumbawe yanavyoweza kuujenga. Adui wao mkubwa ni samaki aina ya kikande, mwenye meno ya kuvunja miiba. Kikande akivuliwa mpaka akaisha, wanyama-miiba huongezeka, matumbawe hupungua, na samaki wengine hukosa makazi. Mvuvi hakukusudia kuubomoa mwamba. Alikata uzi mmoja tu.

Je, nyuzi nyingi ndiyo nguvu?

Kwa muda mrefu wengi waliamini kwamba kadiri wavu unavyokuwa na nyuzi nyingi, ndivyo unavyokuwa imara. Mwaka 1972 Robert May alionyesha kwa hisabati kwamba sivyo lazima. Nyuzi zikifungwa ovyo ovyo, wingi wake na ukali wake unaweza kuufanya wavu utikisike kwa urahisi zaidi. Uimara, basi, hutokana na mpangilio, si idadi peke yake.

Robert Ulanowicz, aliyekuwa mhandisi wa kemia kabla ya kuchunguza ghuba ya Chesapeake, alilichukua swali hili mbele. Alisema kwamba kila mfumo huvutwa na mambo mawili. La kwanza ni ufanisi: kupitisha chakula kwa njia chache, fupi na zenye nguvu. La pili ni akiba: kuwa na njia za pembeni zitakazotumika njia kuu ikiziba. Mfumo wenye ufanisi tu hustawi upesi na kuvunjika upesi. Wenye akiba tu hauna nguvu ya kukua. Unaodumu ni ule unaokaa katikati.

Historia ya Kilwa yenyewe ina funzo linalofanana na hili. Kilwa Kisiwani ilitajirika sana kwa dhahabu iliyopitia Sofala. Biashara hiyo ilipovurugika, na Wareno walipouteka mji mwaka 1505, utajiri ule, pamoja na sababu nyingine, haukudumu. Uzi mnene ulikuwa mmoja.

Hesabu ya vijiji viwili

Tuchukue mfano wa kubuni. Kijiji A hupata asilimia 90 ya kipato chake kutokana na pweza na asilimia 10 kutokana na samaki. Kijiji B hupata asilimia 40 kutokana na samaki, 30 pweza, 20 mwani wa kulima na 10 minazi. Andika kila sehemu kwa desimali, izidishe kwa yenyewe, jumlisha, kisha gawanya 1 kwa jumla hiyo.

Kijiji A: 0.81 + 0.01 = 0.82, na 1 ÷ 0.82 ni takriban 1.2.
Kijiji B: 0.16 + 0.09 + 0.04 + 0.01 = 0.30, na 1 ÷ 0.30 ni takriban 3.3.

Kijiji A kinaonekana kuwa na njia mbili, lakini kwa hakika kinaishi kwa njia moja na kipande. Kijiji B kina njia zaidi ya tatu. Katika mwaka mzuri wa pweza, huenda A kikapata fedha nyingi kuliko B. Katika mwaka mbaya, A hupoteza sehemu tisa katika kumi. Mwanadamu naye ni fundo katika wavu huu, wala hasimami nje yake.

Baruti na kufunga mwamba

Uvuvi wa baruti umeisumbua pwani ya Lindi na Mtwara kwa miaka mingi, ingawa Sheria ya Uvuvi ya mwaka 1970 iliupiga marufuku. Katika miaka ya 1990 wavuvi wa kusini wenyewe waliungana kuupinga. Hata hivyo, uchunguzi wa mwaka 2015 uliotumia vipaza sauti vya majini katika pwani nzima ya Tanzania ulisikia milipuko zaidi ya 300 katika majuma machache. Msako mkali uliofuata uliipunguza sana. Kwa lugha ya wavu, ubaya wa baruti ni kwamba haichagui uzi. Huua samaki mkubwa, mchanga wake na chakula chake kwa pamoja, na kuyageuza matumbawe kuwa kokoto zinazoviringishwa na mawimbi, ambapo matumbawe machanga hayapati pa kushika.

Kinyume chake ni kufunga mwamba kwa muda. Mwaka 2004 wanakijiji wa Andavadoaka, Madagaska, walifunga sehemu ya mwamba wao kwa miezi kadhaa ili pweza wakue. Njia hiyo imejaribiwa pia katika pwani yetu, Songo Songo ikiwamo. Inafaa kwa sababu pweza wa mwambani hukua upesi mno na maisha yake ni mafupi, kiasi cha mwaka mmoja hivi. Miezi miwili au mitatu ya subira humwongezea uzito mwingi. Lakini wavu unatuonya. Sehemu moja ikifungwa, wavuvi huhamia nyingine. Siku ya kufungua, umati wa miguu na vyuma unaweza kuvunja matumbawe yale yale yanayompa pweza shimo. Kumlinda pweza bila ya kulinda shimo lake ni kulinda fundo na kukata nyuzi zake.

Kazi kwa shule

Mwalimu aliye karibu na pwani anaweza kuwapeleka wanafunzi sokoni au diko la samaki. Waorodheshe aina zinazoletwa, wawaulize wavuvi wazee kila aina hula nini na huliwa na nani, kisha wachore wavu. Wahesabu mafundo (F) na nyuzi (N), wagawanye N kwa F × F. Jibu ni kipimo cha jinsi wavu ulivyofungamana. Baada ya hapo wafute fundo moja, mathalani kikande, na wajadili ni nyuzi zipi zinazobaki zikining'inia. Shule za bara zaweza kufanya hivyo kwa shamba, bwawa au msitu.

Wavuvi wazee watakaohojiwa wanajua nyuzi nyingi ambazo hazijaandikwa katika kitabu chochote. Mvuvi hutandaza wavu wake ufukweni na kushona palipokatika kabla hajarudi baharini. Wavu wa uhai hatuwezi kuushona kwa mikono yetu. Tunachoweza ni kujua nyuzi zake ziko wapi, ili tusizikate.