Kaseti Iliyofungwa

Salamu zetu za leo tunawapelekea wanafunzi wa Nakapanya, mkoani Ruvuma. Mwalimu wa darasa, tafadhali weka kaseti moja juu ya meza ili kila mtu aione.

Mama mmoja wa darasa hilo ametuuliza hivi: "Ninayo kaseti ya zamani. Nataka kunasa ngoma ya harusi ya mwanangu. Lakini nikibonyeza kitufe chekundu cha redio, hakishuki. Je, redio imekufa?"

Hapana, mama. Redio ni nzima. Kaseti yako ndiyo iliyofungwa. Leo tutaeleza jinsi ilivyofungwa na jinsi ya kuifungua. Tena tutaeleza kwa nini yafaa kufikiri kwanza.

Kanda ni nini?

Kaseti za namna hii zilitengenezwa na kampuni ya Philips ya Uholanzi, zikaonyeshwa watu mara ya kwanza mwaka 1963. Ndani yake mna kanda nyembamba ya plastiki. Kanda ya kaseti ya saa moja ina urefu wa karibu meta 90. Upande mmoja wa kanda umepakwa unga wa chuma wa rangi ya kahawia. Unga huo hushika nguvu ya sumaku, na nguvu hiyo ndiyo maandishi ya sauti. Sisi huandika kwa wino juu ya karatasi. Mashine huandika kwa sumaku juu ya unga wa chuma.

Ndani ya mashine mna vichwa viwili vidogo. Unapobonyeza kitufe cha kunasa, kanda hupita kwanza mbele ya kichwa cha kufutia. Hicho huondoa maandishi yote ya zamani. Kisha hupita mbele ya kichwa cha kunasia, nacho huandika sauti mpya. Basi fahamuni jambo hili: mashine haiweki sauti mpya juu ya ile ya zamani kama mtu anayepanga mikeka. Kwanza hufuta. Na kilichofutwa hakirudi.

Kijino na tundu

Sasa tazameni mgongo wa kaseti, yaani upande ule usioonyesha kanda. Kwenye pembe mbili mna vijino vidogo vya plastiki. Ukiishika kaseti kwa kuangalia upande wa kwanza, na kanda ikiwa chini, kijino cha kushoto ni cha upande huo. Ukiigeuza, kile kingine nacho kitakuwa kushoto, nacho ni cha upande wa pili.

Ndani ya mashine mna kidole kidogo cha chuma au plastiki. Kidole hicho hupapasa mahali pa kijino. Kikikuta kijino, huruhusu kitufe cha kunasa kishuke. Kikikuta tundu, hukizuia. Basi mtu akitaka sauti yake isifutwe, hukivunja kijino kwa ncha ya kisu. Kaseti nyingi za nyimbo zilizouzwa madukani zilikuwa na matundu tangu mwanzo.

Kuifungua ni kazi rahisi. Chukua kipande cha selotepu, ukaze vizuri juu ya tundu. Kidole cha mashine kitadhani kijino kipo. Lakini kaseti nyingine zina tundu la pili karibu na lile la pembeni. Hilo usilizibe, maana huijulisha mashine aina ya kanda. Wala usikibonyeze kitufe kwa nguvu. Utakivunja kidole, na mashine itaharibika kweli.

Ndugu wa mbali

Desturi hii haiko kwetu tu. Mwaka 1986 kampuni ya Nintendo ya Japani iliuza mtambo wa kusoma diski za michezo ya kuchezea kwenye televisheni. Diski hizo nazo ziliandikwa kwa sumaku. Mtu alipochoka na mchezo, alipeleka diski dukani, akalipa yeni 500, na mashine ya duka ikafuta mchezo wa zamani na kuandika mpya. Kazi hiyo ilikoma mwaka 2003. Baadhi ya mitambo ya nyumbani ilitiwa kifaa cha umeme cha kuzuia diski nzima isiandikwe. Siku hizi mafundi wanaopenda mitambo hiyo hubadili nyaya zake ili iandike diski nzima. Wao hubadili umeme, sisi hubandika selotepu. Shabaha ni moja.

Fikiri kwanza

Lakini, ndugu zangu, kijino hakivunjiki chenyewe. Mara nyingi kuna mtu aliyekivunja, naye alikuwa na sababu.

Nilipokuwa mvulana wa shule nilikuta kaseti ya marehemu babu yangu. Tundu lilikuwa wazi. Nikaliziba, nikanasa nyimbo za redioni. Jioni bibi aliiweka ili asikilize, akasikia muziki. Ndipo nilipojua kwamba babu alikuwa amesimulia humo, kwa Kiyao, majina ya wazee wetu na mahali walipotoka. Kijino alikivunja yeye mwenyewe. Bibi hakunigombeza. Aliizima redio, akaingia ndani. Nyimbo zile ningaliweza kuzipata po pote. Majina yale hakuna tena awezaye kuyataja yote.

Kwa hiyo, mama wa Nakapanya, fanya hivi. Kwanza, isikilize kaseti yako yote, pande zote mbili. Pili, mwite mzee ye yote wa nyumbani, asikilize pamoja nawe. Tatu, kama mna sauti ya maana, tafuta chumba kisicho na kelele, weka simu karibu na spika ya redio, uinase. Nakala hiyo iweke katika simu mbili, maana simu nayo hupotea. Ukiisha kufanya hayo, amua. Na ngoma ya harusi ukiisha kuinasa katika kaseti, kivunje kijino chake, au bandua ile selotepu.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kichwa cha kufutia hufanya kazi gani?
2. Kwa nini kitufe cha kunasa hukataa kushuka?
3. Nyumbani kwako kuna sauti ya nani isiyofaa kupotea?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.