Mdundo wa Mburahati wauzwa Ulaya: hati ya mali iko kwa nani?

SANTURI moja ya singeli, ile sahani nyeusi ambayo wengi tulidhani ilizikwa pamoja na gramafoni, huuzwa katika maduka ya muziki ya Ulaya kwa euro 20 hadi 25. Kwa viwango vya kubadilisha fedha vya miaka hii, hizo ni zaidi ya shilingi 50,000. Mdundo huohuo ukifika kwenye kibanda cha kurusha nyimbo katika soko la huku kwetu, huingizwa kwenye flashi pamoja na nyimbo nyingine lukuki kwa fedha ya soda, na aliyeutengeneza hapati hata senti.

Msomaji wa ukurasa huu amezoea kukuta hapa bei ya maharage, mahindi na mawese. Wiki hii tunaipima bidhaa ambayo haihitaji gunia, lori wala kibali cha mazao. Kijana wa Heru Juu mwenye kompyuta iliyotumika, programu ya kutengenezea midundo na paneli ya umeme wa jua ana kiwanda kamili. Anachokosa mara nyingi ni kujua soko lake linavyoendeshwa, na hapo ndipo hasara inapoanzia.

Kwanza bidhaa yenyewe. Wanunuzi wa nje huigawa katika mafungu. Hausi ilizaliwa katika kumbi za dansi za Chicago mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mwendo wake ni mapigo kama 120 hadi 130 kwa dakika. Tekno ilitoka Detroit, mji wa viwanda vya magari, katika muongo huohuo. Ni ngumu zaidi na kwa kawaida ni ya kasi zaidi. Ambienti ni muziki wa utulivu, wa sauti zinazotanda bila ngoma ya kuchezesha. Jina hilo lilienea baada ya Mwingereza Brian Eno kulitumia katika albamu yake ya mwaka 1978. Singeli ya Dar es Salaam haimo katika mafungu hayo. Mapigo yake hufika 200, na baadhi ya maprodyuza huyavuka 300. Ndiyo sababu mnunuzi wa Berlin aliyechoshwa na tekno ya kila siku yuko tayari kuilipia.

Singeli haikuanguka kutoka mbinguni. Kabla yake kulikuwa na mchiriku, uliokuwa ukipigwa kwa vinanda vidogo vya Casio na vipaza sauti vya kuungaunga katika mitaa ya uswahilini. Kundi la Jagwa Music la mchiriku lilitolewa na lebo ya Crammed Discs ya Ubelgiji mwaka 2012 katika albamu ya Bongo Hotheads. Baadaye vijana walichukua vipande vya taarabu, wakavikimbiza kwenye kompyuta, wakavipeleka kwenye vigodoro, ngoma za mtaani zinazokesha hadi alfajiri. Huko MC hulipwa kwa tuzo za mkononi na prodyuza hulipwa kwa kazi ya studio. Fedha inatoka usiku huohuo na kuisha wiki hiyohiyo.

Mabadiliko ya biashara yalikuja pale lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilipoanza kubisha hodi. (Jina hilo limetokana na neno la Kiganda lenye maana ya hamu ya ghafla ya kucheza. Msomaji wa Kiswahili atalisoma vingine, lakini ndilo jina lao.) Mwaka 2017 ilitoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso, kazi za studio ya Sisso iliyoko Mburahati. Mwaka 2018 zikafuata Poaa ya Bamba Pana na Tatizo Pesa ya Jay Mitta, jina ambalo lingefaa kuwa kichwa cha ukurasa huu kila wiki. Sisso mwenyewe alitoa Mateso mwaka 2019, DJ Travella akatoa Mr Mixondo mwaka 2022, na Sisso akarudi na Maiko mwaka 2024 katika Singeli Ya Maajabu. Lebo hiyohiyo ilitoa mwaka 2021 kazi ya Rey Sapienz wa Kongo na kundi alilolipa jina la Congo Techno Ensemble. Kwa maneno mengine, njia ya kutoka ukanda wetu kwenda Ulaya ipo na inapitika.

Sasa tuifuate fedha. Tuchukue mfano wa hesabu, tarakimu zake zikiwa za kufundishia tu. Lebo ndogo inachapa santuri 300. Kila moja inagharimu euro 8 kiwandani, jumla 2,400. Msambazaji anazinunua kwa euro 12 kila moja, lebo inapokea 3,600. Zinabaki 1,200. Utaratibu wa kawaida wa lebo za aina hii ni kugawana nusu kwa nusu baada ya gharama kurudi, kwa hiyo msanii anapata euro 600, kama shilingi milioni moja na laki sita hivi. Na hiyo ni kama santuri zote zimeuzwa. Zikibaki 100 stoo, euro 1,200 za faida zinabaki nazo humohumo, na msanii hana mgawo wa kupokea.

Kwa hiyo santuri ni tangazo kuliko mshahara. Fedha kubwa zaidi iko jukwaani, kwa malipo ya maonyesho, na hapo kikwazo ni viza. Ada ya viza ya muda mfupi ya nchi za Schengen ilipandishwa kutoka euro 80 hadi 90 Juni 2024, na hairudishwi ombi likikataliwa. Mwenye bahasha ya mialiko na barua ya benki anapita. Mwenye kipaji peke yake anaweza kubaki uwanja wa ndege.

Upande wa intaneti hesabu ni nyingine. Bandcamp, duka linalopendwa na wanunuzi wa muziki huu, hukata asilimia 15 ya mauzo ya nyimbo na asilimia 10 ya bidhaa za kushikika, kabla ya gharama za kutuma fedha. Spotify ilifunguliwa Tanzania mwaka 2021, lakini tangu 2024 wimbo usiofikisha misikilizo 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi kitu kwa upande wa rekodi. Kwa prodyuza mchanga, mashabiki 50 wanaonunua wana thamani kuliko 900 wanaosikiliza bure.

Lakini jambo lenye uzito kuliko asilimia hizi ni hati. Mkulima wa maharage hapa Heru Juu anamjua dalali na ujanja wake, na akipunjwa msimu huu msimu ujao atalima mengine. Maharage yakishauzwa yanapikwa yanaisha. Rekodi haiishi. Ikiuzwa leo inaweza kuuzwa tena kesho, na mtu mwingine, miaka 30 baada ya mpigaji kuzikwa. Kumpa mtu rekodi bila karatasi ni sawa na kumpa shamba, si gunia.

Mfano wa hili uko jirani kabisa. Waha na Warundi wanasikilizana lugha, na wazee wa Heru Juu, yalikokuwa makao ya Mwami wa Heru, hawahitaji kuelezwa ngoma ni nini mbele ya mtawala. Mwaka 1967 Wafaransa waliwarekodi wapiga ngoma wa Burundi, na rekodi hiyo ikatolewa na lebo ya Ocora ya Ufaransa mwaka uliofuata. Mwaka 1971 ikaja sahani iliyoitwa Burundi Black: ngoma zilezile, zikiongezewa piano na gitaa. Jina la mtunzi lililoandikwa lilikuwa la mwanamuziki wa Ulaya aliyeongeza vyombo hivyo. Mwaka 1975 Joni Mitchell wa Kanada akatumia rekodi ya ngoma za Burundi katika wimbo mmoja wa albamu yake. Kufikia 1980 na 1981 makundi ya Uingereza, Adam and the Ants na Bow Wow Wow, yalikuwa yakijenga nyimbo zao juu ya mtindo huo wa mdundo na kupanda chati. Mwaka 2014 UNESCO iliiandika ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Heshima hiyo ni nzuri, lakini si mrabaha.

Hapo pana haki mbili ambazo vijana wengi huzichanganya. Moja ni ya utunzi, yaani nani aliubuni muziki. Nyingine ni ya rekodi, yaani nani ana mali katika sauti iliyonaswa. Zinaweza kuwa mikononi mwa watu tofauti, na kila moja ina malipo yake. Katika sahani ile ya Burundi wapigaji hawakuandikwa kwenye karatasi yoyote ya mali, ingawa bila wao pasingekuwa na cha kuuza.

Kwetu Tanzania ipo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, iliyoanzisha COSOTA. Utunzi unalindwa kwa uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Haki yenyewe huzaliwa kazi inapotengenezwa, si inaposajiliwa. Lakini usajili ni ushahidi, na anayekwenda kudai bila ushahidi anajua atakavyopokelewa. Sheria hiyo pia ina sehemu inayohusu sanaa za jadi. Kijana anayetaka kunasa ngoma za kijijini na kuzitia kwenye tekno yake asidhani kwamba kwa kuwa hazina mtunzi anayejulikana basi hazina mwenyewe.

Mfano wa mtu aliyeshika karatasi zake unatoka Kenya. KMRU, kwa jina kamili Joseph Kamaru, ni mtengenezaji wa ambienti aliyekulia Nairobi na kuhamia Berlin. Hunasa sauti za kawaida, za mitaa, ndege na mitambo ya umeme, kisha anazifuma polepole hadi zinakuwa muziki. Albamu yake ya Peel ilitolewa mwaka 2020 na Editions Mego ya Vienna. Mwaka 2024 akatoa Natur kwa lebo ya Touch ya London. Kwa biashara yetu, hata hivyo, kazi yake nyingine inafundisha zaidi. Babu yake, Joseph Kamaru aliyefariki mwaka 2018, alikuwa mwimbaji mashuhuri wa Kikuyu. Mjukuu amekuwa akizikusanya rekodi za babu, kuzisafisha na kuzitoa upya kwenye intaneti. Mali iliyokuwa ikizeeka kwenye sahani imerudi kuingiza kipato, na inaingia katika ukoo wenyewe.

Kwa mtazamo wangu, ambienti ndilo fungu ambalo Kasulu na Kibondo wangeweza kuingia kwa mtaji mdogo kuliko wote. Mvua juu ya bati, nyuki kwenye mizinga ya miyombo, soko la asubuhi lenye Kiha, Kirundi na Kiswahili kwa pamoja: sauti hizo hazina mpinzani Berlin. Soko ni dogo, tusidanganyane, na hakuna atakayejenga ghorofa kwa mauzo ya mwaka wa kwanza.

Anayetaka kujaribu aanze na mambo ya bei rahisi. Faili la kazi lenye tarehe lihifadhiwe mahali pawili, maana kompyuta huibiwa. Kila mdundo unapokamilika, majina ya walioshiriki na mgawo wao kwa asilimia yaandikwe siku hiyohiyo na wote watie saini, hata kama ni kwenye daftari la shule. Lebo ikituma mkataba, vitafutwe vitu vitatu kabla ya kuangalia fedha: rekodi inakodishwa au inauzwa moja kwa moja, kwa miaka mingapi, na hesabu za mauzo zitaletwa mara ngapi kwa mwaka. Mkataba usiotaja miaka urudishwe na swali hilo.