"Hapa Pana Mtu?": Adabu za Kukaa Hemani Mina

Mtu arudipo Makka huulizwa mengi. Huulizwa Kaaba inaonekanaje kwa macho, huulizwa kisimamo cha Arafa kilivyokuwa, huulizwa Zamzam amekuja nayo kiasi gani na tende ameleta za namna gani. Tangu nirudi kutoka hija ya mwaka 2023 nimekaa barazani na wageni wengi, na mpaka leo hapana hata mmoja aliyeniuliza habari za hema. Siwalaumu, kwani hata mimi kabla ya kwenda sikudhani kuwa hema ni jambo la kuulizwa. Lakini, ndugu msomaji, kama kuna mahali ambapo hija yangu ilitaka kuharibika, basi ni ndani ya hema la Mina, juu ya godoro lisilotimia upana wa mita moja.

Nataka kuyaeleza hayo leo, ingawa yananitia haya, kwa sababu kila mwaka wako ndugu zetu wa Mombasa, Lamu, Malindi na Kwale wanaojitayarisha kwa safari hiyo. Hufunzwa talbiya, hufunzwa kutufu na kusai, hufunzwa hesabu ya vijiwe. Namna ya kulala ubavu kwa ubavu na mtu usiyemjua, hilo hawafunzwi sana.

MJI WA MAHEMA

Mina ni bonde lililo baina ya milima, kilomita chache mashariki ya Msikiti Mtukufu wa Makka. Sehemu kubwa ya mwaka bonde hilo huwa kimya, mahema yamesimama matupu. Ikifika mwezi 8 Mfungo Tatu, watu humiminika kutoka kila pembe ya dunia. Mwaka huo niliokwenda mimi mahujaji walikuwa zaidi ya milioni 1.8. Mahema yenyewe ni zaidi ya 100,000, yote meupe, yote sura moja, hata mtu akitoka kwenda kutawadha bila ya kushika nambari ya kambi yake aweza kuzunguka saa nzima akitafuta mlango wake.

Haji huswali hapo sala tano, tangu adhuhuri mpaka alfajiri, kisha huenda Arafa mwezi 9. Usiku hulala Muzdalifa chini ya mbingu, na mwezi 10 hurudi Mina kukaa siku mbili au tatu akipiga vijiwe. Kwa hivyo, ukihesabu, siku zilizo kiini cha hija nyingi hupita kambini. Humo mtu hula, husali, hulala, hukohoa na hukoroma mbele ya wenziwe.

Mahema hayo ya sasa yana kisa chake. Zamani yalikuwa ya kitambaa cha kawaida, na mahujaji wakipika humo humo kwa majiko ya gesi. Tarehe 15 Aprili 1997 moto ulizuka, na upepo ukausukuma kutoka hema hadi hema. Watu 343 walifariki, wengine zaidi ya 1,500 wakaumia, na mahema kiasi cha 70,000 yakateketea. Baada ya msiba huo majiko ya gesi yalikatazwa mahemani, na mahema mapya yakatengenezwa kwa nyuzi za kioo zilizopakwa dawa ya kuzuia moto. Nakitaja kisa hiki kwa sababu kinatufundisha jambo moja: kambini hapana jambo la mtu peke yake. Jiko la chai la mtu mmoja ni jiko la bonde zima.

KISA CHANGU

Tulishushwa na basi jua limekwisha panda, joto limepita digrii 40. Ndani ya hema magodoro yalikuwa yamepangwa safu safu, yamegusana, kila haji na godoro lake moja. Mimi ni mtu wa kupenda kutangulia. Niliingia mbio nikashika godoro lililo mbele ya kiyoyozi, na la pili yake nikaweka begi langu, mwavuli na chupa za maji. Nikajinyosha, nikaanza kusema talbiya kwa sauti nzuri.

Punde akaja mzee, umri wake kama wa marehemu baba yangu, na kwa matamshi yake nilijua ni mtu wa visiwa vya Lamu. Amening'iniza mfuko wa kitambaa begani, ndara zake mkononi.

"Assalaam alaykum, mwanangu. Hapa pana mtu?"

"Waalaykum salaam, ami. Pana mtu, anakuja."

"Alhamdulillahi," akasema, akaenda akatandika mlangoni, mahali pekee palipokuwa pamesalia.

Hapakuwa na mtu aliyekuwa anakuja. Mtu niliyemtaja lilikuwa begi.

Fikiri, msomaji. Nilikuwa nimevaa shuka mbili za ihramu. Nilikuwa nimekatazwa manukato, nimekatazwa kukata ukucha, nimekatazwa kuwinda hata ndege. Katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 197, haji anakatazwa mambo ya unyumba, uasi na mabishano. Nami nilijichunga sana nisiikune nywele ikang'oka. Kumdanganya mzee wa watu kwa ajili ya ubaridi wa kiyoyozi, hilo sikuliona.

Mlangoni pa hema si mahali pa kulala. Kila anayekwenda msalani hupita hapo, na katika watu waliojaa hema moja hapakosi mtu wa kutoka. Hewa ya moto huingia hapo, na ndara zote za hema hurundikwa hapo. Saa nane za usiku na mimi niliamka kutoka. Nilimkuta yule mzee ameketi, amekunja miguu apate kuwapisha watu, na kwa mkono wake akizisogeza ndara pembeni mtu asije akajikwaa gizani. Nikakanyaga upindo wa shuka yake.

"Niwie radhi, ami."

"Pita, mwanangu."

Nilirudi nikalala. Huenda utaniuliza kwa nini sikumpa godoro wakati ule. Kusema kweli, niliona aibu. Kuliondoa begi pale ilikuwa ni kukiri mbele ya hema zima kwamba nilisema uwongo. Basi begi likalala usiku kucha mbele ya kiyoyozi, na mzee akakesha mlangoni.

NILIPOFIKA ARAFA

Siku ya pili tulikwenda Arafa. Ni siku ya kulia, na nililia. Baada ya adhuhuri sheikh wa kundi letu alitukumbusha maneno ambayo nimeyasikia misikitini tangu utotoni: kwamba yaliyo baina ya mja na Mola wake ni hesabu moja, na haki za waja ni hesabu nyingine, na hii ya pili yataka mwenyewe akusamehe. Maneno hayo yalinipiga kifuani. Nikainuka kumtafuta mzee wangu. Lakini watu wote wamevaa nyeupe, na wazee ni wengi. Kumtafuta mtu mmoja katika weupe ule ni kama kutafuta punje moja ya mchele ndani ya gunia la mchele. Magharibi ikaingia, tukapanda mabasi, na mzigo wangu nikauchukua Muzdalifa.

Mwezi 10 tuliporudi Mina, pale mlangoni palikuwa patupu. Niliambiwa kwamba watu wa kwao wamemchukua wakae naye katika hema jingine la kambi yetu. Nilimtafuta siku hiyo nisimwone, na siku ya pili vivyo hivyo.

Nilimpata asubuhi ya mwezi 12, siku ambayo wengi huondoka, kwenye mifereji ya kutawadhia. Alikuwa ameshika bakora ya mzee mwenziwe ili naye apate kunawa miguu. Nilingoja wamalize, nikamwamkia, nikamweleza yote bila ya kuficha: godoro, begi, na mtu ambaye hakuwako.

Akanitazama, akacheka kidogo. "Nalijua, mwanangu. Nilikesha nikimwangalia huyo mtu wako. Usiku kucha hata hakukoroma!"

Nilitaka ardhi ipasuke. Kisha akasema kwa upole: "Nimekusamehe usiku ule ule. Nilikuwa nakwenda Arafa, sikutaka kwenda na mzigo."

Maneno hayo sikuyasahau. Yeye aliyedhulumiwa aliutua mzigo kabla ya Arafa, akaenda mwepesi. Mimi niliyedhulumu niliubeba kwenda na kurudi. Nikamwomba aniruhusu nimchukulie mfuko wake mpaka kwenye basi. "Nichukulie," akasema, "lakini usiutafutie godoro."

MKE WANGU ASEMAVYO

Wanawake hukaa mahema yao mbali, na mke wangu aliponisimulia ya kwao niliona wametushinda. Jioni ile ya kwanza mama mmoja, bila ya kuchaguliwa na mtu, alisimama akasema: plagi ni chache na simu ni nyingi, kwa hivyo kila simu saa moja, kisha ipishe nyingine. Wakakubaliana. Vijana wakagawana zamu za kuwapeleka wazee msalani usiku, wawili wawili, wasije wakapotea. Waliozoea kukoroma walisema wenyewe tangu mapema, watu wakacheka, na mwenye usingizi mwepesi akajitenga nao. Taa ilizimwa saa nne. Mwenye kutaka kusoma Kurani alisoma kimoyomoyo au akatoka nje.

Kwetu sisi wanaume hapana aliyesimama kusema lolote. Mmoja akizungumza na watoto wake kwa simu usiku wa manane, sauti imefunguliwa, hata tukawajua watoto wote kwa majina. Mwingine akiacha mabaki ya wali chini ya godoro, nzi wakamkuta jirani yake. Mwingine akikohoa bila ya kuziba mdomo, na kabla ya siku ya tatu hema zima likawa lakohoa. Wote ni watu wema, wenye kuswali. Kila mmoja akifikiri hija yake.

KWA WANAOKWENDA

Sisi watu wa pwani si wageni wa kulala wengi. Katika harusi zetu, na wakati wa Maulidi ya Lamu, wageni hulala kumi katika chumba kimoja juu ya mkeka, na anayekuja mwisho huambiwa, "Karibu, tutasogea." Hapana anayewekea begi lake mahali. Basi kwa nini tufikapo Mina tunasahau? Nimelifikiri sana jambo hili. Naona ni kwa sababu kule kila mtu amelipa, na aliyelipa hujiona mwenye nyumba. Tunasahau kwamba haji huitwa mgeni wa Mwingi wa Rehema. Sote tu wageni hapo, na mgeni hamfungii mgeni mlango.

Kwa wanaojitayarisha, nawausia haya machache niliyoyalipia kwa haya.

Ukiingia hemani, kwanza tazama nani mzee na nani mgonjwa, kisha ndipo utazame godoro. Mahali pa baridi ni pao, na mlangoni ni pa kijana mwenye miguu miepesi. Chukua mzigo mdogo utoshao kuwekwa miguuni au kichwani, maana mzigo mkubwa lazima utatwaa nafasi ya mtu. Sabuni isiyo na manukato ichukue ya kukutosha wewe na jirani aliyesahau yake.

Msalani foleni ni ndefu, hasa kabla ya sala. Nenda mapema, usikae kuoga huku watu ishirini wamesimama juani, na umpishe mzee hata kama zamu ni yako. Maji usiyaache yakimwagika. Ukitoka, acha mahali pasafi kuliko ulivyopakuta.

Usiku simu izimwe sauti. Ukitaka kuzungumza, toka nje. Kikohozi kikikushika, vaa barakoa. Chakula usichokimaliza kifunge ukakitupe panapotupwa taka. Na ukimwona mtu amesimama njiani akiangaza macho, muulize nambari ya kambi yake, kwani kwa kila hema kufanana na jingine, huenda huyo amepotea tangu asubuhi.

Jingine kubwa kuliko yote ni hili. Ukimkosea mwenzio hemani, usingoje kesho. Mwamshe, ukamtake radhi pale pale, kabla ya mabasi hayajafika. Mimi nilibahatika kumwona mzee wangu tena. Katika watu milioni na ushee, wako wasioonana tena mpaka Siku ya Kiama.