Mtoto amebuni kifaa, mzazi jihadhari na wakili kishoka

Kibiti. Katika vijiji vya delta ya Mto Rufiji, mashine ya boti ikizima katikati ya mikoko hakuna wa kumpigia simu. Watu hutengeneza kwa kilichopo, na watoto hukua wakiona hivyo.

Chukulia binti wa kidato cha tatu amebuni tanuri la kukaushia samaki linalotumia kuni chache. Majirani wanasifu, mmoja anapiga picha na kuirusha kwenye kundi la WhatsApp. Wiki haijaisha, mgeni anashuka gati la Nyamisati akijiita wakili wa mambo ya uvumbuzi. Anataka michoro yote na fedha taslimu. Baba anaanza kuupigia hesabu mpunga ulioko ghalani.

Kabla gunia halijauzwa, mzazi anapaswa kujua mambo machache.

Fungeni mdomo kwanza

Haki ya uvumbuzi huitwa hataza, na kwa Tanzania Bara husajiliwa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (Brela). Sharti lake kubwa ni kwamba kitu kiwe kipya. Kikishatangazwa hadharani kabla ya ombi kuwasilishwa, haki hiyo inaweza kupotea. Picha ya kujivunia mtoto inaweza kumponza.

Si kila kazi inahitaji hataza. Jina na nembo ya bidhaa ni alama ya biashara, nayo husajiliwa Brela kwa miaka 7 ya mwanzo, kisha huhuishwa kila baada ya miaka 10. Wimbo, kitabu au programu ya kompyuta ni hakimiliki, iliyo chini ya Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (Cosota). Uvumbuzi mdogo usiofikia kiwango cha hataza nao una cheti chake.

Mfano ni Dk Askwar Hilonga wa Arusha, aliyeshinda Tuzo ya Afrika ya Uhandisi mwaka 2015 kwa chujio lake la maji. Hakuishia kwenye kifaa tu, bali jina lake, Nanofilter, nalo alilifanya alama ya biashara. Wakili wa kweli atawauliza kwanza mna kitu gani, ndipo ataje gharama.

Mjue wakili wako

Wakili wa Tanzania Bara huapishwa na Jaji Mkuu, jina lake huingia kwenye orodha ya mawakili, na hukata leseni kila mwaka. Mwombe jina kamili na namba yake, kisha hakikisha kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama au uliza Chama cha Mawakili Tanganyika. Suti na muhuri si ushahidi. Msaidizi wa kisheria wa kijijini ana msaada wake, lakini si wakili.

Ukishampata, muulize amewahi kuandika maombi mangapi ya hataza. Wakili hodari wa kesi za ardhi huenda hajaandika hata moja. Moyo wa ombi ni sehemu ya madai, inayoeleza hasa ni kitu gani mtu mwingine hataruhusiwa kuiga. Ikiandikwa vibaya, jirani atabadili mlango wa tanuri tu na kuuza.

Muulize pia kama inatosha kusajili Tanzania pekee au mpitie Aripo, shirika la kikanda lenye makao Harare, ambalo kwa ombi moja hufikia nchi wanachama mtakazozichagua. Anayeahidi "hataza ya dunia nzima" anadanganya, kwa kuwa haipo.

Soma jina kwenye fomu

Hapa ndipo wengi huliwa. Fomu inaweza kuwa halali na ada ikalipwa, lakini mwombaji akaandikwa mtu mwingine. Hakikisha jina la mtoto limeandikwa kama mvumbuzi, na usisaini karatasi yenye nafasi tupu. Aliye chini ya miaka 18 hawezi kuingia mkataba mwenyewe, hivyo sahihi ya mzazi ndiyo ufunguo wa mlango.

Ada za Serikali hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, si kwa kutumiwa mtu kwenye simu yake. Malipo ya wakili yaandikwe kwenye makubaliano, na kila shilingi iwe na risiti.

Familia isiyo na uwezo iulize ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri kuhusu msaada wa kisheria, unaotambuliwa kwa sheria ya mwaka 2017.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Leo jioni mnunulie mtoto daftari, achore kifaa chake, aandike tarehe na kila alichobadilisha, nanyi wawili msaini chini. Daftari si hataza, lakini litasaidia kuonyesha kazi ilianzia mikononi mwa nani. Mgeni akija na mkoba wake, mkaribisheni chai. Daftari libaki ndani.