Chipsi Zinatoka Nyeusi? Anzia Kwenye Mbolea



Juzi kijana mmoja hapa Dodoma kaniletea viazi mviringo alivyolima kwenye shamba la kukodi Njombe. Muuza chipsi kamkatalia mzigo mzima. Viazi ni vikubwa, vinapendeza, ila vikiingia kwenye mafuta vinakuwa vyeusi kabla ya kuiva ndani. Nikamuuliza aliweka mbolea gani. DAP ya kupandia, halafu urea mara tatu. Ya mwisho aliiweka viazi vikiwa vinajaa.

Tatizo ndilo hilo. Bila naitrojeni huvuni, ila ikizidi au ikichelewa, mmea unaendelea kutoa majani badala ya kukomaza viazi. Unavuna kiazi kichanga chenye maji mengi, wanga kidogo na sukari nyingi. Sukari hiyo ndiyo inayofanya chipsi ziwe nyeusi na chungu.

Kuna weusi mwingine, wa kiazi kilichomenywa au kugongwa. Huo huzidi shamba likikosa potasiamu. Kiazi kinakula potasiamu kuliko hata naitrojeni, na DAP na urea hazina potasiamu kabisa!

Ukilima kwa ajili ya soko la chipsi, fanya hivi:

1. Pima udongo kwanza, ujue umepungukiwa nini.
2. Pandia NPK yenye potasiamu. Ukiongeza potasiamu peke yake, salfeti ni bora kuliko kloraidi, maana kloraidi hupunguza ukavu wa kiazi.
3. Maliza mbolea ya kukuzia unapoinulia matuta. Baada ya hapo usiongeze urea, hata majani ya jirani yakiwa ya kijani kuliko yako.
4. Kata majani wiki 2 kabla ya kuvuna, ngozi ikomae.
5. Usirushe magunia, achana na lumbesa. Viazi vya chipsi usivihifadhi kwenye baridi kali, chini ya nyuzi 8 wanga unageuka sukari.

Na kabla hujalipia gari la kuja Dodoma, chimba viazi kama 10 kutoka pembe tofauti za shamba, vikaange. Vikitoka vyeusi, usimpelekee muuza chipsi. Tafuta mnunuzi wa viazi vya kuchemsha au vya mchuzi, tena mwambie ukweli. Bei itashuka kidogo, lakini mteja wako wa chipsi utabaki naye msimu ujao.

Mwenye swali aulize hapa chini.